Mkaangaji na mkulima wasiachane kila msimu

Mhariri, hivi mkaangaji kahawa akinunua kwa familia ileile ya wakulima mwaka hadi mwaka mnadhani anawapa sadaka? Wapi, anajilinda mwenyewe. Mbuni unachukua kama miaka 3 au 4 toka kupandwa hadi kuzaa, sasa nani atang'oa mibuni iliyochoka apande mipya wakati hajui mwakani atamuuzia nani, na bei ya kahawa aina ya arabika kule soko la New York inapanda inashuka bila kumuuliza? Mnunuzi akijulikana watu wanachuma tunda jekundu tu, wanageuzageuza kahawa kichanjani mpaka unyevu ufike asilimia 10 hadi 12, na huku kwenye kukaanga punje zinaiva sawasawa. Ila mikataba mingine ni usanii, bei haijaandikwa, advansi hakuna, ubia gani huo jamani?