Mhariri, turudishieni hadithi ya "itaendelea"

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Mimi nina steshenari hapa Morogoro, jirani na shule mbili za sekondari, natoa kopi nauza madaftari na kalamu, na gazeti lenu huwa nalinunua nalisoma wateja wakipungua. Juzi kuna msomaji mwenzangu aliandika kwenye ukurasa huu wa barua kwamba vijana wa siku hizi hawasomi, simu zimewaharibu, tumekwisha. Nikacheka peke yangu. Huyu mzee angekuja akae dukani kwangu wiki moja tu.

Ntaanza na ya nyumbani. Dada yangu kaniletea mwanae nikae nae, yuko form two, mtoto mpole hana shida na mtu, ila ukimpa kitabu ni kama umempa adhabu. Ukurasa wa kwanza anasoma, wa pili anapiga miayo, wa tatu kajifunika nacho usoni kalala. Tukasema mvivu. Mama yake ndo kabisa, anamwita kilaza mbele za watu, kitu ambacho mimi sikipendi na nimeshamwambia. Sasa nikawa naona bando langu linaisha kimaajabu, naunga la wiki siku ya tatu limekata, nikajua huyu dogo anachukua simu usiku anaangalia mambo yake ya ajabu, nikamvizia. Saa sita usiku nikamkuta yuko chini ya neti, anasoma. Hadithi ya jini wa kike kaolewa na dereva wa lori, sehemu ya 43. Nikamuuliza umeanza lini hii, akasema "mamdogo nisamehe, nimeanza jumapili". Na siku hiyo ilikuwa jumatano! Sehemu arobaini na tatu kwa siku tatu, mtoto ambae hasomi.

Nikamnyang'anya simu nikaenda kusoma mwenyewe. Kusema kweli uandishi ni hovyo, jina la shangazi linabadilika njiani, nukta hakuna, na kule mbele kuna mambo ya chumbani ambayo mtoto wa miaka kumi na tano sio yake. Lakini nilifika sehemu ya tisa kabla sijashtuka kwamba kesho nina duka la kufungua. Kila sehemu fupi, unaimaliza chai haijapoa. Haikuanzii na jua kuchomoza taratibu nyuma ya milima ya Uluguru na ndege kuimba, inakuanzia na mtu anagonga mlango usiku na anaegonga alizikwa juzi. Watu humo wanaongea kama tunavyoongea. Halafu inakukatia pale pabaya kabisa. Yule mwandishi hata kama shule ilimpita kushoto, anajua kwamba msomaji wake anachoka haraka, na kaandika kwa kumuonea huruma.

Basi nilipoenda Kariakoo kufuata mzigo nikasema ngoja nimtafutie dogo kitabu cha namna hiyo ila kisafi. Nikazunguka maduka ya vitabu karibia yote ninayoyajua. Vya watoto vipo, vizuri tu, sungura kamzidi ujanja fisi, picha kubwa maandishi mistari mitatu. Sasa umpe kidume kinachoanza kuota ndevu kitabu cha sungura, wenzake wakikiona si atahama shule? Upande wa pili kuna vitabu vya fasihi vya shuleni, na riwaya za watu wazima, na lile rundo la vitabu vya jinsi ya kuwa tajiri ukiwa na miaka thelathini. Katikati hapo, kwa mtoto wa miaka kumi na tatu mpaka kumi na saba anaesoma kwa shida lakini akili yake imeshakua anataka mapenzi kidogo, mpira, wizi, uchawi, kesi ya mauaji, nilipata viwili, na kimoja kilikuwa kimeloa maji.

Na mjue watoto wetu wanapitia nini. Shule za serikali, darasa la kwanza mpaka la saba karibu kila kitu Kiswahili, anafika form one anakuta baiolojia, fizikia, jiografia, masomo karibu yote Kiingereza. Mtoto ambae kasi yake ya kusoma Kiswahili ilikuwa bado haijakaa sawa ndo kwanza anaanza kupambana na lugha nyingine. Ile lugha yake anaielewa, anaweza kutamka kila neno maana Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, tatizo ni kwamba akifika mwisho wa sentensi ndefu ameshasahau mwanzo ulisemaje. Huyo sio kilaza. Huyo hajapata mazoezi, na mazoezi hayapatikani kwenye kitabu kinachomtesa.

Hata vile vitabu vya fasihi vya shuleni, mimi ndo shahidi, hawavisomi. Wanakuja dukani kwangu kutoa kopi ya uhakiki. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, msimamo wa mwandishi, yote yamepangwa kwenye karatasi kumi na mbili, shilingi mia mia. Mtoto anakariri kwamba mhusika fulani anawakilisha tabaka la chini na hajawahi kukutana nae huyo mhusika. Mimi hela naichukua siwezi kusema uongo, msimu wa mitihani ndo nalipia kodi ya fremu, lakini roho inaniuma kidogo.

Sisi wenzao tulikuwa na bahati moja. Wakati nakua kulikuwa na vile vitabu vya upelelezi, vyembamba, vinaingia mfuko wa nyuma wa suruali ya kaka, vimepita mikono thelathini mpaka jalada limebaki kumbukumbu. Willy Gamba wa Musiba nani hamjui, Joram Kiango wa Mtobwa je? Tulivisoma chini ya dawati, mwalimu akikukamata anakunyang'anya halafu mchana ukipita ofisini unamkuta yeye ndo amezama nacho. Vile viliandikiwa watu wazima, kuna pombe kuna wanawake kuna damu, mimi binti wa miaka kumi na tatu sikutakiwa kuvishika, lakini ndivyo vilivyonifanya nisome haraka, sio kitabu cha ufahamu cha darasani. Na wazee wetu wanamkumbuka mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, kile kitabu cha Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya East African Literature Bureau mwaka 1957-58 kikachapishwa 1960, mzimu, shamba la Unguja, maiti, fumbo. Kwa hiyo mtu asiniambie Kiswahili hakina mila ya kitabu kinachovuta. Dogo nilimchimbia kimoja cha upelelezi kwenye sanduku la marehemu baba, nikachana kurasa mbili (msinihukumu), alikimaliza kwa siku nne. Akaja kuniuliza "mamdogo kingine?" Ndo hapo nilipoishiwa.

Nina rafiki yangu anaishi Uingereza, alikuja likizo na mwanae mwenye disleksia, yaani ile hali ya herufi kumchanganya mtoto wakati akili anayo. Yule mtoto alikuwa na kitabu kinaitwa cha Barrington Stoke, hiyo ni kampuni ilianzia Edinburgh mwaka 1998, kazi yao kubwa ni vitabu vya watoto wanaosoma kwa tabu au wasiopenda kusoma. Nikakishika nikakigeuzageuza kama mtu wa steshenari anavyoshika karatasi. Karatasi sio nyeupe pee ya kuumiza macho, ina rangi ya maziwa, na nzito, maandishi ya nyuma hayaonekani kwa mbele. Herufi zimechongwa zisifanane, mistari imeachiana nafasi, sura fupifupi, kitabu chenyewe chembamba. Lakini kwa nje kinafanana na kitabu kingine chochote cha vijana! Hakijaandikwa popote usoni "cha wanaochelewa". Na wanaoviandika ni waandishi wenye majina yao kabisa, hadithi ni ya kijana wa umri ule, ila imeandikwa kwa sentensi anazoziweza. Hiyo ndo siri yote, umri wa hadithi na umri wa maneno wamevitenganisha.

Sasa kwetu mtu akitaka kuandika hivyo kuna mambo yetu wenyewe ya kuangalia, sio kukopi tu. Vitenzi vyetu virefu, "hawakumtambulishia", "walipokuwa wameshakubaliana", msomaji mwepesi anavipita kama daladala isiyo na abiria, dogo wangu anasimama kila silabi. Si kwamba tuvifute, tusivirundike vitatu kwenye mstari mmoja. Halafu majina, jamani, kitabu kimoja kina Juma, Jumanne, Jumbe na Juliasi, mtoto atawajulia wapi? Halafu ile tabia ya kunyoosha mistari kulia na kushoto iwe sawa kama ukuta, kwa maneno yetu marefu inaacha mapengo katikati, nimeona kwenye mashine yangu mwenyewe nikichapa barua za wateja. Halafu misamiati. Kuna waandishi na wahariri wanadhani kitabu cha kijana ni mahali pa kuficha misamiati ya mtihani na methali kila ukurasa, mtoto anakimbizwa na majambazi huku anakumbuka haraka haraka haina baraka. Nani anakumbuka methali akikimbizwa na panga?

Na la mwisho kwenye hili, yale maswali nyuma ya kitabu. Ondoeni. Mtoto akiona "zoezi la kwanza" anajua kumbe ilikuwa mtego.

Najua walimu watasema nataka kushusha kiwango, mtoto azoeshwe lugha nzito. Mwalimu mmoja aliniambia hivyo hivyo pale dukani, shule yake ina maktaba na funguo anayo mtu mmoja tu, na vitabu vya msaada viko kwenye maboksi hata havijafunguliwa. Sikumjibu maana alikuwa anadaiwa. Lakini lugha nzito anaifikia aliyekwisha soma kurasa elfu moja nyepesi, hata mpira wa miguu huanzi na Simba na Yanga, unaanzia uwanja wa vumbi.

Kulikuwa na tuzo ya Burt, ilianza hapa Tanzania mwaka 2008 kwa ajili ya vitabu vya vijana, pesa zilitoka Canada, jambo jema kabisa ila sharti lilikuwa uandike kwa Kiingereza. Siku hizi kuna tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, yetu wenyewe, riwaya wanashindanisha, mashairi wanashindanisha, hadithi za watoto pia. Basi waongeze kapu moja la vijana wanaosoma kwa shida, kurasa zisizidi themanini, na kabla ya kumpa mtu hundi wapewe form two ishirini wasome, wakikiacha katikati mwandishi arudi nyumbani akajitafakari.

Ila hilo ni la wakubwa. Nyinyi ninawaomba kitu kidogo ambacho hakihitaji kikao cha wizara. Zamani magazeti yalikuwa na hadithi ya kila toleo na pale chini "itaendelea", watu walikuwa wanagombania. Tupeni nusu ukurasa, siku moja kwa wiki, hadithi ya vijana, maneno kama mia tano au mia sita, maandishi makubwa kidogo, safi, inayomkatia pabaya. Sio ya mafunzo. Mimi nitatoa kopi nibandike ukutani nje ya duka bure, pale wanaposimama kusubiri uhakiki wao, na mkitaka nitawaandikia kila mwezi ni sehemu gani walisimama kusoma na ipi waliipita.

Dogo amesoma barua hii kabla sijaituma, yote, akasema ndefu. Akasema pia niwaambie hiyo hadithi mkiianzisha mhusika mkuu asiwe mwanafunzi bora, na mwalimu mkuu asije kutoa nasaha mwishoni. Na jini akiwepo itapendeza.

Mwenye steshenari,
Morogoro.