Pimeni volti kabla ya kununua pedeli ya mafuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wamiliki wa malori, madereva na mafundi wenzangu. Pedeli nyingi za mafuta zinatupwa zikiwa nzima, na lori linarudi barabarani na ugonjwa wake ule ule. Hii ni hasara, na kwa semi yenye mzigo inayopanda mlima Kitonga ni hatari.

Lori la kisasa halina waya wa chuma unaotoka mguuni kwa dereva hadi kwenye pampu. Kwenye pedeli nyingi kuna sensa mbili (vifaa vinavyoiambia kompyuta mguu umekanyaga kiasi gani) ndani ya kasha moja, na kwa kawaida kila moja ina waya wa volti 5, waya wa hasi na waya wa ishara. Jumla waya sita. Kompyuta ya injini hulinganisha ishara hizo mbili muda wote. Zisipolingana inavyotakiwa, inakataa kuziamini: taa ya injini inawaka, na injini inabaki kwenye sailensa (mwendo wake bila kukanyaga mafuta) iliyopanda kidogo au inavuta kinyonge hata dereva akikanyaga hadi sakafuni. Imeundwa hivyo makusudi, ili lori lisije likakimbia lenyewe.

Mashine ya kusoma hitilafu ikionyesha SPN 91 (SPN ni namba inayotaja sehemu yenye hitilafu), wengi huishia hapo wakaenda dukani. Hapo ndipo kosa linapoanza. Namba hiyo inataja njia nzima ya umeme ya pedeli, pamoja na waya na soketi zake. Someni pia FMI inayofuata, yaani namba ya aina ya hitilafu: 3 ni volti kuwa juu mno, 4 ni kuwa chini mno, 2 ni ishara isiyotulia au isiyolingana na nyingine. Sasa angalieni: waya wa hasi ukikatika, ishara hupanda kuelekea volti 5 na mashine inaandika 3, wakati sensa haina kosa lolote. Waya wa volti 5 ukikatika, inaandika 4. Katika hali zote mbili pedeli mpya haisaidii kitu.

Kwa hiyo anzeni na betri. Kwenye mfumo wa volti 24, injini ikiunguruma mita ya volti isome kati ya 27.5 na 28.5 hivi. Halafu washeni swichi bila kuwasha injini, mtazame asilimia ya pedeli kwenye mashine huku mtu akikanyaga polepole sana, kama sekunde ishirini toka juu hadi chini. Msikanyage kwa pupa, maana mguu wa haraka unaruka juu ya kasoro bila kuionyesha. Sensa za kusugua huchakaa njia zake za kaboni pale mguu unapokaa muda mrefu zaidi, na namba hapo zitaruka au kudondoka ghafla kisha kurudi.

Baada ya hapo shikeni mita. Ingizeni ncha yake kwa nyuma ya soketi ikiwa imechomekwa. Msitoboe ngozi ya waya, kwa sababu tundu hilo litaingiza maji na kutu ya kijani itaanza. Waya wa volti 5 usome kati ya 4.75 na 5.25. Kati ya waya wa hasi na hasi ya betri pasizidi volti 0.1. Kwenye malori mengi yenye kompyuta ya Bosch, ishara ya kwanza huwa karibu 0.75 mguu ukiwa juu na karibu 3.8 pedeli ikiwa chini kabisa, na ya pili ni nusu ya hiyo kila mahali. Gari lenu likiwa na kitabu chake, fuateni cha kwake. Taa ya kupimia ya volti 24 isisogezwe karibu na waya hizi, inaweza kuunguza kompyuta. Na sensa zinazofanya kazi kwa sumaku bila kugusana hazipimwi kwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Jibu lolote mtakalopata hapo halina maana.

Volti 5 ikikosekana, msiilaumu kompyuta mapema. Sensa nyingine, kama ya presha ya oili, inaweza kuwa inatumia umeme huo huo, na ikiwa na shoti inauangusha wote. Chomoeni moja moja huku mkitazama mita. Ikirudi 5, mwizi amepatikana.

Kagueni pia swichi ya breki. Ikinasa, kompyuta inadhani dereva anakanyaga breki na mafuta kwa pamoja, na kwenye malori mengi inapuuza mafuta. Filta ya dizeli iliyoziba nayo huleta unyonge unaofanana na huu, ila asilimia ya pedeli kwenye mashine itapanda vizuri hadi 100.

Ombi langu kwa wamiliki: kabla ya kulipia pedeli, fundi awaandikie kwenye risiti volti za waya wa volti 5, za waya wa hasi, na za ishara zote mbili mguu ukiwa juu na ukiwa chini. Asiyeweza kuziandika hajapima.

Vipimo vikithibitisha kwamba pedeli imekufa, fungeni mpya yenye namba ile ile ya spea, mfute hitilafu kwa mashine, kisha mpime tena volti zile zile. Baadhi ya malori yanahitaji pedeli mpya ifundishwe mwanzo na mwisho wake kwa mashine. Na kama taa itawaka tena baada ya safari ya kwanza, msinunue ya pili. Inueni kichwa cha lori mtazame waya zinapopita kwenye bawaba, zinakosuguana na chuma kila kinapoinuliwa na kushushwa.

Fundi umeme wa malori,
Mbeya