Kaka anadai risiti za kumuuguza mama

Anti shikamoo, samahani naandika saa kumi usiku sijalala kabisa, nimetoka kumgeuza mama na kubadilisha shuka mara ya pili, na baridi ya Uyole huku Mbeya mwezi wa 7 unaijua, shuka halikauki. Ila kilichoninyima usingizi sio mama, ni kaka. Jana kaandika kwenye grupu la familia, ukoo mzima unasoma, eti "tunaomba risiti". Mimi wa kudaiwa risiti!

Mama alipigwa kiharusi mwaka jana tukamtoa Tukuyu akae kwangu awe karibu na hospitali ya rufaa. Mzee wa miaka 60 kwenda juu asiyejiweza anatibiwa bure, sawa, ila hiyo bure ina nauli. Barua ya mtendaji ifuatwe kijijini, mtendaji hayupo, ustawi wa jamii njoo Alhamisi, ukifika dirisha la wazee kweli hupangi foleni ila dawa imeisha kanunue nje. Duka la dawa watakupa risiti, je bajaji ya kubeba mtu asiyetembea? Pampasi za mkopo za hapo jirani?

Halafu mwezi wa 4 alidondoka bafuni. Rufaa walimwandikia dawa ya presha, amlodipini, zahanati ya nyumbani walishampa nifedipini, nikampa zote, si zote ni za daktari? Kumbe kazi yake moja, presha ikashuka. Daftari la kwanza la matibabu lilibaki Tukuyu na mimi sikuulizwa, haya basi na mimi sikuuliza. Siku hizi kila tunapoenda nabeba dawa zote na madaftari yote namwagia mezani. Kaka mpaka leo anasema nilimzidishia. Yeye alikuwa wapi? Na mama akishtuka usiku anamuita yeye, haniiti mimi.

Anatuma 50,000 kila mwezi, sikatai anatuma. Genge langu la viazi nimefunga tangu Pasaka, hilo nalo nilitolee risiti?

Sijamchoka mama anti, nieleweke. Nilitaka tu unisaidie niwajibuje kwenye grupu, au ninyamaze. Na hivi kuna ubaya nikimpandisha basi nikampeleka Dar kwa kaka hata miezi 3 tu? Wifi hawezi kuamka kumgeuza najua, vidonda vitamtoka mgongoni, basi hata asiende. Ila nijibu na hilo la basi.