Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Sanaa: lipia wiki sita kabla ya kamera

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: FOMU YA RUZUKU YA FILAMU FUPI

Fomu ya ruzuku inayotolewa na ofisi yako inaanza kwa kudai skripti iliyokamilika. Inafuata nafasi ya jina la mwandishi, moja tu. Kurasa zote zinazobaki ni bajeti ya upigaji picha: kamera, taa, usafiri, posho za waigizaji. Hakuna mstari unaouliza skripti hiyo imeandikwa upya mara ngapi, wala nani aliwahi kuisoma kwa sauti. Sisi tunaokuandikia ni waandishi, waongozaji, waigizaji na wahariri wa filamu fupi. Kwa maoni yetu, fedha yako inafika wakati makosa makubwa yameshafanyika, na kamera haiyarekebishi.

Ombi letu ni hili. Theluthi moja ya kila ruzuku itolewe kabla ya skripti kuwapo, kwa kundi la watu watano au sita, wakuze wazo lao kwa wiki sita. Theluthi mbili zifuate skripti ikishakubaliwa.

Ufupi wa filamu hizi umewadanganya wengi. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo filamu ya dakika 10 ni kurasa kama 10, yaani sini tano hadi nane (sini ni kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja). Katika filamu ya dakika 90, sini dhaifu hufunikwa na zile zinazoifuata. Katika dakika 10, sini mbovu ya dakika mbili imekula sehemu ya tano ya kazi yote, na mtazamaji hana muda wa kusamehe. Tuzo za Oscar huhesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40 pamoja na orodha ya majina. Shindano la filamu fupi la tamasha la Cannes, Ufaransa, halipokei inayozidi dakika 15. Anayeanza, na asogee upande wa Cannes.

Wiki ya kwanza ni ya kutenganisha wazo na mada. Maombi mengi ya ruzuku hufia hapa bila wenyewe kujua: "uaminifu ndani ya familia" ni mada, na mada haiigiziki. Kila mmoja katika kundi alete sentensi tatu, kila moja isizidi maneno 25, zimeandikwa kwenye karatasi zisizo na majina. Karatasi zichanganywe, na kila mtu asome aliyoiokota. Kutokuwa na jina kuna maana yake: mwenye cheo au sauti kubwa hapati nafasi ya kulibeba wazo lake kwa kulieleza. Halafu kila sentensi iulizwe nani anataka nini, nini kinamzuia, na kwa nini iwe leo. Mfano wa sentensi inayopita: "Dada anahitaji sahihi ya kaka yake ili kuuza shamba la baba kabla ofisi haijafungwa, lakini kaka hajui kwamba baba amekufa." Ona kwamba hakuna neno "uaminifu" mle ndani, wala halihitajiki.

Wiki ya pili ni ya kadi. Kila sini ipate kadi moja yenye mambo matatu tu: mahali, waliopo, na kinachobadilika. Kadi isiyo na mabadiliko itolewe ukutani hata kama ina picha nzuri. Mazungumzo yasiandikwe bado, kwa sababu mtu akishapenda maneno aliyoyaandika hatakubali sini yake iondoke. Kati ya kadi na kadi, jaribuni kusoma kiungo. Kikiwa "halafu", hadithi inasogea kwa kalenda. Kikiwa "kwa hiyo" au "lakini", inasogea kwa sababu. Kundi linaloanza na kadi 12 na kumaliza na saba limefanya kazi nzuri sana wiki hiyo, ijapokuwa hakuna hata mstari mmoja wa skripti wa kukuonyesha.

Wiki ya tatu ndiyo ambayo fomu yako inaifanya isiwezekane kabisa, maana inahitaji waigizaji kabla ya skripti. Uigizaji wa papo kwa papo si mchezo wa kujipasha moto. Ni njia ya kuandika. Mwongozaji wa Uingereza Mike Leigh anajulikana kwa kuanza bila skripti, akijenga wahusika na waigizaji wake kwa muda mrefu, huku kila mwigizaji akijua yale tu ambayo mhusika wake anayajua. Filamu fupi haiwezi kumudu miezi, lakini siku tatu za saa nne zinatosha kwa sini mbili au tatu zilizo ngumu.

Tuchukue dada na kaka wa mfano wetu. Mwongozaji anamwita kila mwigizaji kando. Dada anaambiwa: baba amekufa, umewaambia watu wote isipokuwa huyu, ofisi inafungwa saa 10 jioni. Kaka anaambiwa tu kwamba dada yake, ambaye hawajaonana muda mrefu, anabisha hodi. Basi. Mazoezi yakianza, kaka asiyejua lolote anaweza kuuliza jambo la kawaida kabisa: "Baba anasemaje?" Mwandishi aliye peke yake mezani ni vigumu kulifikia swali hilo, kwa sababu yeye anajua kwamba baba amekufa na fikra zake zote zinazunguka kifo. Swali hilo linamlazimisha dada aseme ukweli au adanganye palepale mlangoni. Kwa hiyo kilele hakiko tena ofisini, kiko kizingitini, na mandhari nne zilizokuwa kwenye kadi zinabaki moja. Hapo bajeti yako pia imepona, maana kuhamisha watu na vifaa kutoka mandhari hadi mandhari hula saa moja au mbili za siku ya kupiga picha.

Mambo yanayoharibu wiki hii yanajulikana. Waigizaji wakiachwa bila lengo hugombana, kwa sababu ugomvi ni rahisi kuigiza. Dawa yake ni kumpa kila mmoja kitu anachokitaka kutoka kwa mwenzake, si hisia ya kuonyesha. Zoezi likipita dakika 15 wanaanza kujirudia. Mwongozaji akikatiza kila baada ya sentensi mbili, wanaanza kumwigizia yeye. Na lazima pawepo kinasa sauti, hata cha simu, kwa sababu kumbukumbu husafisha maneno, na thamani ya zoezi iko kwenye yale yasiyosafishwa: kigugumizi, jibu lisiloendana na swali, kimya. Baadaye mtu mmoja anakili dakika zilizo hai tu. Katika saa 12 za mazoezi, dakika 20 zenye uhai ni mavuno mazuri. Zilizobaki ni za kutupwa, na hatuoni aibu kukuomba uzilipie.

Kisha kalamu inarudi kwa mtu mmoja. Hapa hatukubaliani na wenzetu wanaodhani ushirikiano ni watu sita kuzunguka kompyuta moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Skripti inayoandikwa kikaoni huwa na wahusika wanaozungumza kwa sauti ile ile, kwa kuwa kila mstari umepita kwenye kura na kura hupenda mstari ulio wazi. Watu halisi hawasemi mambo waziwazi. Wiki ya nne basi ni ya mwandishi mmoja, kadi ukutani, nakala za mazoezi mezani, siku tano, rasimu ya kwanza. Wenzake hawamwoni. Asipewe siku kumi. Atarudi na mhusika mpya.

Wiki ya tano ni ya kusoma kwa sauti mezani. Anayesoma maelezo ya matendo asiwe mwandishi, kwa sababu mwandishi atayapamba kwa sauti. Saa ya kupimia iwepo, lakini matokeo yake yasomwe kwa tahadhari: mazungumzo hukimbia mezani kuliko mbele ya kamera, na matendo huonekana mafupi kwenye karatasi. "Wanapekua nyumba nzima" ni mstari mmoja, na inaweza kuwa dakika mbili za filamu. Baada ya kusoma, mwandishi anyamaze robo saa akiandika tu. Wasikilizaji waseme mahali walipopotea, walipochoka na pale ambapo hawakuamini. Wasipendekeze dawa. Msikilizaji huwa sahihi sana kuhusu mahali panapouma, na mara nyingi hukosea kuhusu kinachosababisha. Akisema mwisho haumgusi, mara nyingi ubovu uko ukurasa wa pili, ambapo hakuelezwa dada anapoteza nini akikosa sahihi.

Wiki ya sita, rasimu ya pili inasomwa na mpiga picha, mtu wa sauti na mhariri. Mhariri aulizwe swali moja: ukipewa picha hizi zote, sini gani ungeitupa? Akiwa na jibu, itupwe sasa, kabla haijagharamiwa. Mtu wa sauti asimame kimya kwenye mandhari yenyewe kwa dakika tano, saa ile ile ya siku ambayo picha zitapigwa. Jenereta la jirani halionekani kwenye picha za simu. Kisha kila sini ipimwe kwa sehemu za nane za ukurasa, yaani ukurasa mmoja ukigawanywa mara nane, kama desturi ya ratiba za filamu ilivyo. Kundi dogo likipiga kurasa tatu hadi tano kwa siku linafanya vizuri. Kurasa tisa zilizokuzwa namna hii ni siku mbili au tatu. Kurasa 14 zisizokuzwa ni siku tano, ya tano ikiwa ya kurudia yaliyoharibika siku ya kwanza.

Tunajua kinachoitia hofu ofisi yoyote ya umma katika mpango huu: haki ni ya nani? Sheria yenyewe haimsaidii mwenye wazo. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali ya ubunifu, ibara ya 9(2), unasema ulinzi wa hakimiliki unahusu namna jambo lilivyoelezwa, hauhusu wazo lenyewe. Mkataba wa Berne nao, ule wa kimataifa wa hakimiliki, katika ibara ya 7 bis, unahesabu muda wa ulinzi wa kazi ya pamoja kuanzia kifo cha mwandishi wa mwisho aliyebaki hai, kwa hiyo kujua nani ni mwandishi si jambo la heshima tu. Yule aliyeleta sentensi ya maneno 25 na mwigizaji aliyeuliza "Baba anasemaje?" wanaweza wote kujikuta nje.

Dawa ni makubaliano ya kurasa mbili yanayotiwa sahihi siku ya kwanza, kabla karatasi hazijachanganywa. Yaseme nani ataandikwa nini kwenye orodha ya majina, na kwa mpangilio gani. Mgawo wa kila mmoja filamu ikiingiza fedha. Mawazo yasiyochaguliwa yanarudi kwa walioyaleta na hakuna mwingine kuyatumia. Rekodi za mazoezi zinatunzwa na nani na haziwekwi hadharani. Mtu akiondoka katikati anabaki na nini. Na kundi likigawanyika nusu kwa nusu, nani ana neno la mwisho. Kifungu hicho cha mwisho ndicho watu hukikwepa kwa haya, na ndicho kinachovunja makundi wiki ya nne. Kuandika mgawo wakati hakuna fedha ni rahisi. Jaribu kuufanya baada ya tuzo.

Kuhusu uthibitisho, usidai ripoti; ripoti huandikwa usiku mmoja. Dai picha ya ukuta wa kadi mwishoni mwa wiki ya pili, dakika tano za sauti ya mazoezi, rekodi ya usomaji wa mezani, na rasimu zote mbili zikiwa na tarehe. Mkaguzi aziweke rasimu hizo sambamba na kuuliza nini kimeondoka. Kama tofauti ni maneno yaliyosahihishwa tu, kundi halikufanya kazi ya wiki ya tano, na hakuna maelezo marefu yatakayoificha. Mkaguzi huyo awe mtu aliyewahi kuandika au kuhariri filamu. Hilo tunalisisitiza.

Kwenye fomu yenyewe, mabadiliko ni machache. Kifungu cha kwanza kidai sentensi tatu badala ya skripti. Nafasi ya jina la mwandishi iwe na mistari sita, na makubaliano yaambatishwe. Tarehe ya kuwasilisha skripti isogezwe hadi wiki ya saba.

Liko pia jambo ambalo huenda litakuwa gumu kwa mhasibu wako. Baadhi ya makundi yatarudi wiki ya tano yakisema wazo limekufa: kadi zilisimama imara, mazoezi yalikuwa na uhai, lakini usomaji umeonyesha hakuna filamu. Kundi la namna hiyo libaki na theluthi yake, likabidhi viambatisho vyake vyote, na liruhusiwe kuomba tena awamu inayofuata bila alama nyekundu kwenye jalada. Vinginevyo hakuna atakayekuambia ukweli huo, na utaendelea kulipia theluthi mbili za filamu ambayo waliomo ndani walijua, kabla taa hazijawashwa, kwamba haipo.

Wako katika kazi,

Sisi waandishi, waongozaji, waigizaji na wahariri wa filamu fupi