Uwiano wa mwalimu na wanafunzi unaficha msongamano wa darasa la kwanza

Mhariri,

Kila takwimu za shule za msingi zinapotoka, mjadala huishia kwenye uwiano wa mwalimu na wanafunzi, ambao kiwango chake ni 1:45. Uwiano huo unafaa kupanga ikama, yaani idadi ya walimu wanaohitajika. Haumwambii mzazi mwanawe amebanana na wenzake wangapi.

Tuchukue shule ya mfano yenye wanafunzi 1,080, walimu 24 na vyumba 12. Uwiano ni 1:45, na kwenye karatasi shule haina tatizo. Lakini walimu 24 hawawezi kufundisha kwa wakati mmoja katika vyumba 12, kwa hiyo wastani halisi ni wanafunzi 90 kwa chumba. Na wastani nao hauko sawa kwa madarasa yote. La saba lina mtihani wa taifa, basi wanafunzi wake 110 hupewa vyumba viwili, 55 kila kimoja. La kwanza lina 230, nalo hupata viwili: 115 kila chumba. Wakiletwa walimu sita wapya uwiano unashuka hadi 1:36, na mle ndani wanabaki 115 walewale.

Dawati la kawaida ni la watoto watatu. Watoto 115 wanahitaji madawati 39, ambayo chumba hakiyabebi, kwa hiyo wanakaa wanne wanne au chini. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30, wakati kusahihisha daftari moja kwa dakika moja tu kunakula karibu saa mbili. Mwalimu anaishia kusikiliza waliokaa mbele. Mtoto wa nyuma anayeandika "d" badala ya "b" hugunduliwa akiwa la tatu, muda wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) umeshapita. Hili ndilo linalotuuma zaidi, maana darasa linalohitaji nafasi kuliko yote ndilo linalopewa kidogo.

Katika shule hiyohiyo ipo nafuu isiyongoja tofali. Tuseme la pili lina wanafunzi 200, nalo lina vyumba viwili. La kwanza liingie asubuhi katika vyumba vyote vinne, la pili liingie mchana. La kwanza linashuka hadi 57 au 58 kwa chumba, la pili 50. Zamu huharibika pale mwalimu yuleyule anapobebeshwa zote mbili. Mchana anakuwa hoi na watoto wanakariri ubaoni tu. Kila zamu iwe na walimu wake, na hapo ndipo wale 24 wanapoonekana kazi yao.

Tunaomba pia idadi itolewe kwa mkondo, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule: wavulana, wasichana, umri, wenye mahitaji maalumu na madawati mazima. Ichukuliwe kwenye daftari la mahudhurio, si la uandikishaji pekee, kwa kuwa wapo waliohama bila kuaga na wapo walioingia katikati ya mwaka. Kamati ya shule iilinganishe na orodha ya watoto aliyonayo mtendaji wa mtaa. Waliokuwa hawajatimiza mwaka mmoja usiku wa sensa ya Agosti 2022 wataanza la kwanza 2028 na 2029. Hakuna sababu ya kushtukizwa nao Januari.

Mwaka 2028 una jambo jingine. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita, hivyo la sita na la saba watamaliza pamoja 2027. Mzigo wa kidato cha kwanza umeshasemwa sana, na ni wa kweli. Upande wa pili hausemwi: shule za msingi zitabaki na madarasa sita badala ya saba, na vyumba vya la saba vitakuwa wazi. Maofisa elimu kata waagize kila shule iandike mapema, katika mpango wake wa maendeleo, kwamba vyumba hivyo na walimu wake vinakwenda la kwanza na la pili, kabla havijageuzwa stoo au ofisi.

Walimu wa taaluma, shule za msingi,
Dar es Salaam