Kwa Mshana, kuhusu akina Kowalski

Łódź, Poland
Novemba

Mshana, ndugu yangu,

Barua yako imefika, na salamu za mama nimezipokea. Mwambie nipo, baridi imeshapiga hodi ila bado haijanitoa nje ya mchezo. Na wewe pole na msimu. Mpare kukubali kuwazungusha wageni wanaobishania chenji mpaka mwisho, hapo nimeamini kweli dunia imebadilika.

Nije kwenye swali lako. Unasema kwenye gari moja la wageni uliowapeleka makaburi ya Wapolandi, wale wakimbizi wa wakati wa vita, pale Tengeru walikuwemo akina Kowalski wasiojuana hata kidogo. Ukawauliza kama ni ndugu, wakaangua kicheko. Sasa unataka kujua kicheko kilikuwa cha nini, na hiyo “ski” ni kabila au ni ukoo.

Kabila sio. Kicheko nacho hakikuwa cha kukudharau. Kowalski ni jina la pili kwa wingi nchi nzima. La kwanza ni Nowak, maana yake mtu mpya, yaani mhamiaji aliyeingia kijijini akaitwa hivyo mpaka wajukuu. Akina Nowak wanazidi 200,000, akina Kowalski wanakaribia 140,000, katika nchi ya watu milioni 38 hivi. Fomu za mfano huandikwa Jan Kowalski. Bei ya umeme ikipanda, magazeti hayaulizi mwananchi wa kawaida atalipaje, yanauliza Kowalski atalipaje. Ndiye fulani bin fulani wao. Kwa hiyo kuwauliza akina Kowalski kama ni ndugu ni kama mtu aingie sokoni Kilombero aulize akina Juma wote baba yao ni nani.

Jina lenyewe limesimama juu ya neno kowal, mhunzi. Hapa naona unatabasamu, maana na wewe ni Mshana, wa ukoo wa wahunzi wa Ugweno waliotawala hadi Wasuya walipowapindua, na nyundo uliyowahi kushika ni ya kugongea misumari tu. Subiri, la hawa lina mizunguko kuliko lako.

Kwa nini mhunzi na sio mkulima? Kwa sababu kijiji kizima kilikuwa cha wakulima. Ukisema “Jan mkulima” hujamtenga na mtu. Mhunzi alikuwa mmoja, pengine mmoja kwa vijiji viwili vitatu, na kila mtu alimhitaji: jembe la kukokotwa, mundu, viatu vya chuma vya farasi, bawaba za mlango. Kwenye makumbusho ya wazi, ambako hukusanya nyumba za zamani na kuzipanga kama kijiji, nimeingia kwenye kibanda kimoja cha uhunzi. Fuawe imekaa juu ya gogo la mti mgumu, mivukuto ya ngozi imening'inia mikubwa kuliko mtu, na ukutani koleo za kila umbo, nyingine midomo yake imepindwa kwa kazi moja tu. Kibanda kiko pembeni kabisa, mbali na nyumba nyingine. Paa zilikuwa za nyasi, na cheche haina adabu. Kwa hiyo mhunzi alijulikana kwa kazi yake na kwa mahali alipokaa.

Ungedhani basi kila Kowalski ana babu aliyefua chuma. Hapo ndipo watu wengi wanapotea, hata Wapolandi wenyewe, na ndiyo sababu nimeamua kukuandikia kirefu badala ya kukujibu kwa mistari miwili. Hiyo -ski ya mwishoni kazi yake ya asili ni kuonyesha mahali. Ni “wa” yetu: wa Moshi, wa Usangi. Mwenye ardhi aliyeishi Kowale aliandikwa zamani kwa Kilatini “de Kowale”, na kuanzia karne ya 15 wenye mashamba wakaanza kujiita kwa mtindo huu wa -ski. Yaani Kowalski huyo ni bwana wa Kowale. Yeye na nyundo hawajuani.

Ila Kowale nayo haikuitwa hivyo bure. Wakati wa watawala wa ukoo wa Piast, waliounda dola ya kwanza ya Poland karne ya 10, vijiji fulani vilipewa kazi maalumu ya kuhudumia ngome na jumba la mtawala. Majina yake yamebaki kwenye ramani mpaka leo: Szczytniki walitengeneza ngao, Piekary walioka mikate, Winiary walilima mizabibu, Kuchary walikuwa wapishi, na Kowale walikuwa wahunzi. Basi kazi ikazaa jina la kijiji, kijiji kikazaa jina la kabaila aliyekuja kukimiliki karne nyingi baadaye, wakati moto wenyewe pengine ulishazimika. Kuna hata mji unaoitwa Kowal, mkoa wa Kuyavia, alikozaliwa mfalme Kazimierz Mkuu mwaka 1310. Na kwa kuwa vijiji vya aina hiyo vilitapakaa nchi nzima, makabaila walioitwa Kowalski nao walitokea pande tofauti, wenye nembo tofauti, bila undugu wa damu.

Halafu ukaja umwinyi. Makabaila wa Poland walikuwa wengi kuliko wa nchi nyingi za Ulaya, huenda watu 8 hadi 10 katika kila 100, na wengi wao hohehahe, shamba halizidi la mkulima wa kawaida ila upanga umetundikwa ukutani. -ski ikawa alama ya uungwana. Kila mtu akaitamani. Mwenye duka mjini, fundi, mkulima aliyepata kaujanja, wote wakaona heri kuitwa Kowalski kuliko Kowal mtupu. Makasisi na makarani nao wakasaidia. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulishaagiza mwaka 1563 parokia ziweke daftari za ndoa, lakini jina la ukoo la mkulima liliendelea kuyumba: leo kaandikwa hivi, mtoto wake akibatizwa kaandikwa vile. Poland ilipogawanywa na kumezwa na Prussia, Austria na Urusi (mara tatu: 1772, 1793 na 1795), watawala hao walitaka kodi na askari, na huwezi kumdai kodi mtu ambaye jina lake linabadilika kila msimu wa mavuno. Hapo ndipo majina ya wakulima yalipokazwa, na karani akiwa na mazoea ya -ski, -ski ndiyo iliyoandikwa.

Kwa hiyo ukikutana na Kowalski, anaweza kuwa mzao wa mhunzi aliyejipandisha cheo, wa kabaila wa kijiji kiitwacho Kowale, au wa mtu aliyehama tu kutoka kijiji hicho. Jina peke yake halikuambii. Mimi nikisikia mtu anasema “sisi akina Kowalski ni wahunzi tangu asili”, humwachia. Kubishana na mzee juu ya babu yake ni kazi isiyo na mshahara.

Ukitaka jina linalomshika mhunzi kwelikweli, tafuta yale yasiyo na -ski. Kowal, ni yeye mwenyewe. Kowalik na Kowalczyk ni mhunzi mdogo, yaani mtoto wake au kijana anayejifunza kazi kwake. Huyu Kowalczyk naye yumo kwenye majina kumi ya kwanza, na hana umwinyi wowote. Ndugu zake wa mtindo huo ni Krawczyk wa fundi cherehani, Szewczyk wa fundi viatu na Kaczmarek wa mwenye kilabu. Woźniak ni wa woźny, tarishi wa mahakama aliyetangaza amri na kupeleka hati za kuitwa shaurini. Ndilo jina la Steve Wozniak aliyeanzisha kampuni ya Apple mwaka 1976 pamoja na wenzake. Umeona, Mshana? Kompyuta uliyoichungulia ofisini kwa bosi wako ina mkono wa mjukuu wa tarishi.

Kwa wanawake nako kuna mambo. Kowalski akioa, mkewe ni Kowalska, na binti pia Kowalska. Lakini jina kama Kowal zamani lilikuwa na ngazi: mke ni Kowalowa, binti ni Kowalówna, ukisikia tu unajua kama dada ameolewa. Siku hizi wengi wameyaacha, wanasema hali ya ndoa sio habari ya kutangazia watu. Nadhani wana haki. Juzi tarehe 1, sikukuu ya Watakatifu Wote, nchi nzima ilikuwa makaburini na mishumaa ya kwenye vikombe vya kioo, nami nikaenda na jirani zangu. Nilisoma mawe mpaka wakaniuliza natafuta nani. Jiwe moja limeandikwa familia ya Kowalski, chini yake majina ya watu, na mbele ya jina la bibi mmoja herufi mbili, “z d.”, kifupi cha “kutoka nyumba ya”, kisha Kowalczyk. Mhunzi mdogo kaolewa kwa mhunzi mwenye cheo, na aliyewazika huenda alikuwa dereva wa tramu.

Sasa wanapatikana wapi? Kowalski yuko kila mahali, na ndiyo sababu jina hili ni ushahidi dhaifu wa asili ya mtu. Kowalczyk amejaa zaidi kuanzia Mazowsze, yaani pande za Warszawa, kwenda Lublin na Kielce. Kowal mtupu utamkuta zaidi kusini-mashariki, karibu na Ukraine, na ukivuka mpaka anageuka Koval, Kovalchuk, Kovalenko. Silesia, kwenye migodi ya makaa, lahaja yao hugeuza a kuwa o, kwa hiyo mhunzi wa huko ni Kowol. Ukikuta Kowol hata Berlin unajua kwao ni wapi. Lithuania jina hili limevaa nguo za kienyeji, Kavaliauskas, na mkewe Kavaliauskienė, na bintiye Kavaliauskaitė.

Ramani hii ilivurugwa mwaka 1945. Mipaka ya Poland ilisogezwa magharibi, mamilioni ya watu wakapakiwa kwenye treni, watu wa Lwów (leo Lviv, Ukraine) wakajikuta Wrocław, mji uliokuwa wa Wajerumani. Mtu akiniambia familia yake ni ya Wrocław, nauliza mara moja: kabla ya vita mlikuwa wapi?

Waliotoka nje ya nchi nao ni wengi. Tangu karne ya 19 walikwenda kuchimba makaa bonde la Ruhr, Ujerumani, na wewe mpenda mpira utakuwa umesikia jinsi timu ya Schalke 04 ilivyotaniwa kuwa timu ya Wapolandi kwa ajili ya majina kama Kuzorra na Szepan, ingawa familia zao zilitoka Masuria, sehemu ya Prussia. Ufaransa alizaliwa mtoto wa wachimba makaa, Kopaszewski, akalikata jina likawa Kopa, na mwaka 1958 akachukua Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Marekani walijaa Chicago, Detroit na Buffalo. Huko sarufi ilikufa kwanza: utamkuta mama anaitwa Kowalski kabisa, bila -ska, jambo ambalo hapa Łódź lingewafanya watu wageuke. Wengine walijigeuza Smith, mhunzi kwa Kiingereza. Watasimulia kwamba maafisa wa bandarini New York ndio waliowabadilisha, lakini maafisa wale walifuata orodha iliyokuja na meli. Watu walijibadilisha baadaye wenyewe, kwa ajili ya kazi na jirani.

Kowalski mmoja unamjua wewe, na mama yako anamwomba kila siku saa tisa alasiri. Mtakatifu Faustina, yule wa Huruma ya Mungu na picha ya “Yesu, nakutumainia”, alizaliwa Helena Kowalska mwaka 1905 kijiji cha Głogowiec, sio mbali na hapa nilipo, akafariki Kraków mwaka 1938, akatangazwa mtakatifu tarehe 30 Aprili 2000. Baba yake, Stanisław Kowalski, alikuwa mkulima na seremala. Seremala, Mshana! Na kile kituo cha hija cha Kiabakari, jimbo la Musoma, kimejengwa kwa jina la Huruma hiyo hiyo na mapadri waliotoka huku.

Kwa wageni wako wa Tengeru, ushauri wangu ni huu. Wale waliozikwa pale, makaburi 150 hivi, walikuwa sehemu ya watu karibu 5,000 wa kambi ile, waliong'olewa mashariki ya Poland na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, wakapitia Iran ndipo wakafika kwetu kuanzia 1942. Mgeni akisimama mbele ya jiwe lenye jina lake, usimuulize kama ni ndugu yake. Muulize familia yake ilikuwa kijiji gani kabla ya vita. Swali hilo wanalipenda, na utakaa pale nusu saa unasikiliza.

Nina ombi. Ukienda tena, pita mstari kwa mstari uniandikie majina yote ya pale yanayoishia na -czyk, -ik au -ak, pamoja na miaka yake, ukiangalia vizuri vile vimkia juu na chini ya herufi. Picha za simu zako zina kivuli cha kofia yako kila mara, kwa hiyo ziandike kwa mkono. Kahawa unayosema umeniwekea mpe yule binti anayekuja Februari, ana nafasi kwenye begi.

Msalimie mama, na Anande mwambie ile hela yangu bado naikumbuka.

Wako,
Kileo