Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Mawe Yanayowaka Gizani

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naomba nizungumzie mawe yetu, yale yanayong'aa gizani yakimulikwa kwa taa za urujuanimno (UV), mionzi isiyoonekana kwa macho.

Safari yetu kubwa ilikuwa ya Longido, kwenye vifusi vya zamani vya machimbo ya rubi ya Mundarara, kwa idhini ya mwenye leseni. Tulifika saa saba mchana, jua la utosi, taa zetu hazifui dafu. Mama mmoja anayechambua kifusi pale akatufunika na shuka mbili nzito. "Haya wanangu, angalieni." Nilikuwa nimeshika kipande cha anyolaiti, jiwe la kijani lenye madoa ya rubi, jina lililotokana na neno la Kimaasai *anyoli*, yaani kijani. Taa ilipowaka, kile kijani kikawa cheusi tii, na madoa ya rubi yakaiva mekundu kama makaa yanayopepewa. Mama naye akaingia chini ya shuka. Ameokota mawe hayo miaka yote na hakuwahi kuyaona hivyo. Ikabidi tumwachie taa kwa muda.

Kinachoiwasha rubi ni kromiamu kidogo iliyomo ndani yake. Chuma kikizidi, mwanga hufifia. Ndiyo maana rubi mbili zinazofanana mchana huachana kabisa gizani.

Usiku, cha kwanza kung'aa pale kwenye kifusi hakikuwa jiwe, alikuwa nge. Nao huwaka chini ya taa hizi. Kuanzia sasa, asiye na buti na glavu atabaki garini. Mashimo ya zamani hatuingii, hata lionekane fupi namna gani.

Kuhusu taa, tuliumia. Tulinunua mbili tukiambiwa ni za mawimbi mafupi ya urujuanimno, nanomita 254. Tukazijaribu kwa kipande cha Franklin, New Jersey, alicholetewa mwenzetu na nduguye: chini ya mawimbi hayo madini yake mawili huwaka, wilemaiti kijani na kalsaiti nyekundu. Kalsaiti haikuonyesha hata dalili. Zilikuwa taa za zambarau za kupambia kumbi, na muuzaji amekataa kurudisha fedha. Tutakazonunua tena zitapimwa kwa kipande hicho kabla ya kulipa. Zikiwa za kweli, miwani ni lazima; mionzi hiyo huunguza macho na maumivu huja saa kadhaa baadaye.

Linaloniuma zaidi ni vibandiko. Mawe ya safari nzima yalirudi Arusha kwenye kiroba kimoja, na leo hakuna anayeweza kusema lipi limetoka kifusi kipi. Hilo ni kosa langu kama kiongozi. Napendekeza kila jiwe lifungwe kwenye karatasi palepale lilipookotwa, na liandikwe kwa penseli: mahali, tarehe, na aina ya taa iliyoliwasha.

Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, ndani ya ukuta uliokamilika mwaka 2018, hatuokoti kitu. Na anayetaka kumpelekea rafiki jiwe nje ya nchi, kibali kwanza.

Kile kipande cha Longido kipo chumba cha nyuma, mapazia yamefungwa. Ingieni wawili wawili.